Mura, Mgodi Una Mwisho, Mteja Hana

Nakuuliza swali moja, mura, kijana wa kata ya Kemambo hapa Tarime, na ulijibu kabla hujasoma mbele. Katika matajiri wote wa Tanzania unaowajua kwa majina, wale ambao bidhaa zao umekula, umekunywa, umevaa au umezipanda, ni yupi aliyetajirika kwa kulipwa fidia?

Hayupo. Said Salim Bakhresa alianza na chakula cha mgahawa. Reginald Mengi aliunganisha kalamu nyumbani kwake. Mohammed Dewji anatuuzia sabuni, mafuta ya kula na khanga. Michael Shirima alianza kuuza viti katika ndege ya watu watano. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa juu ya ardhi akimsubiri mthamini apite. Walimtafuta mtu mwenye shida, wakamuuzia kinachoiondoa shida hiyo, na kesho yake wakarudi kumuuzia tena. Utajiri wao umekuja kwa kurudi tena na tena kwa mteja yuleyule.

Sasa tugeuke tutazame kwetu. Kerende, Kewanja na vijiji jirani vya Nyamongo vimekaa juu ya dhahabu, na dhahabu hiyo imetufundisha kusubiri. Kutegesha kumekuwa kazi. Habari ikivuja kwamba mgodi utapanuka kuelekea upande fulani, kabla ya wiki kuisha migomba imechomekwa, vibanda vimesimama, mabati yameezekwa juu ya nyumba ambayo hakuna atakayelala ndani yake. Mtu ameuza ng'ombe wake wawili apate mabati hayo. Mwaka unapita, mthamini haonekani, au anakuja na kusema eneo lako halimo kwenye ramani. Mabati yameshika kutu, ng'ombe wameondoka, shamba halikulimwa. Mwenzake naye ameona njia ya mkato ni kuvizia mawe usiku kwenye kifusi cha mgodi. Wapo walioondoka nyumbani hivyo na mama zao hawakuwaona tena wakiwa hai.

Simlaumu mwenye haki. Aliyechukuliwa ardhi yake halali alipwe, na alipwe kwa wakati. Aliyechafuliwa maji asikilizwe. Kilio cha kuchafuka kwa Mto Tigithe mwaka 2009 hakikuwa cha kubuni. Dai haki yako kwenye mkutano wa kijiji, kwa barua, na ikibidi mahakamani. Ila haki idaiwe huku jembe likiendelea kulima na duka likiendelea kuuza. Mtu akiifanya fidia kuwa ajira yake, atazeeka akiwa kwenye foleni.

Dhahabu ina tarehe ya kuisha

Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, enzi za Afrika Mashariki Gold Mines. Mwaka uliofuata ukawa wa Placer Dome ya Kanada. Mwaka 2006 ukaingia mikononi mwa Barrick, 2010 ukawa chini ya African Barrick Gold, 2014 jina likageuka kuwa Acacia. Mwaka 2019 Barrick ikarudi, safari hii serikali yetu ikiwa mezani kupitia kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, ambamo ina hisa za asilimia 16. Hesabu mwenyewe mabango yaliyobadilishwa pale getini. Wenye mgodi wanakuja na kuondoka. Wewe ndiye utakayebaki, na watoto wako baada yako.

Mgodi wenyewe nao utaondoka. Golden Pride wa Nzega, uliofunguliwa mwaka 1998 na kutangulia migodi mingine mikubwa ya kisasa, umeshafungwa. Tulawaka, kule Biharamulo, ulianza 2005. Ilipofika 2013 mwekezaji akaaga, ukachukuliwa na shirika la umma la STAMICO. Buzwagi wa Kahama ulianza 2009, uzalishaji ukakoma 2021. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka mgodi ule unafunguliwa, alikuwa hajamaliza kidato cha sita mgodi ulipozimwa.

Lakini Kahama haikufa. Watu wa Kahama walikuwa na mpunga wao, maduka ya jumla, mashine za kukoboa, na barabara yenye malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Mgodi uliwakuta wakifanya biashara, ukawaacha wakifanya biashara. Swali letu ni hilohilo: siku taa za North Mara zitakapozimwa, Kemambo itakuwa inauza nini, na kwa nani?

Jibu lianze kutafutwa leo, wakati fedha bado inazunguka. Na walimu tunao, wamezaliwa katika nchi hiihii.

Bakhresa alifuata mkate hadi kwenye kinu

Said Salim Bakhresa alizaliwa Zanzibar mwaka 1949 na aliacha shule akiwa na miaka 14. Aliuza mchanganyiko wa viazi, na katika miaka ya 1970 akafungua mgahawa mdogo Dar es Salaam. Migahawa ya aina ile ilikuwa mingi mjini, na mingi imesahaulika. Tofauti yake ni kwamba yeye aliitazama sahani ya mteja akajiuliza: kila kilichomo humu ninakinunua kwa nani? Mkate ukampeleka kwenye kuoka. Kuoka kukampeleka kwenye unga. Unga ukampeleka kwenye usagaji, hadi akachukua kinu kilichokuwa cha shirika la umma. Leo jina la Azam liko kwenye unga, juisi, maji, aiskrimu inayouzwa na vijana mitaani, boti za Dar es Salaam na Zanzibar, televisheni, hata timu ya mpira iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu msimu wa 2013/14.

Chukua somo hilo ulilete Nyamongo. Mama lishe anayewapikia vijana asubuhi ana wateja, ana jiko, ana jina. Unga wa ugali wake ananunua kwa nani? Muhogo, mahindi, mtama na ulezi vinalimwa hapa Tarime, na ng'ambo ya Mto Mara vinalimwa Serengeti. Mara nyingi vinatoka vikiwa kwenye gunia kwa bei ya mkulima mwenye shida, kisha unga unarudi kwenye mfuko mzuri wenye jina la mtu wa mbali. Fedha yote iliyopatikana kati ya gunia na mfuko imebaki njiani. Kijana mwenye mashine ya kusaga, mizani ya kweli, mfuko safi na nembo ya ubora ya TBS anaweza kuirudisha nyumbani.

Huna haja ya kuanza na kinu. Anza na sahani. Kisha kila mwaka rudi nyuma hatua moja.

Mengi aliuona upungufu akauita soko

Reginald Mengi alikulia Machame, Kilimanjaro, katika familia maskini. Alisoma uhasibu Uingereza, akarudi nyumbani na kupata kazi ambayo wengi wangeiita mwisho wa safari: mhasibu katika kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, mwenye mshahara na heshima. Miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu, na wazee wetu wanazikumbuka foleni za sabuni na sukari. Kalamu nazo zilikuwa adimu. Watu wote walilalamika. Mengi aliagiza vipande vya kalamu akaanza kuziunganisha nyumbani kwake, kisha akaziuza.

Kutoka hapo ikazaliwa IPP. Kikaja kiwanda cha soda cha Bonite pale Moshi, yakaja maji ya Kilimanjaro, yakaja magazeti ya Nipashe na The Guardian, na mwaka 1994 ITV na Radio One zikaanza kurusha matangazo. Alipofariki Dubai tarehe 2 Mei 2019, nchi nzima ilimlilia mtu ambaye mlango wake wa kwanza ulikuwa kalamu.

Basi fanya zoezi hili wiki hii. Kaa kijiweni, lakini safari hii usichangie mada. Sikiliza malalamiko tu na uyaandike. Hakuna fundi wa kuchomelea anayemaliza kazi siku aliyoahidi. Maziwa yanachacha kabla ya kufika sokoni. Sare za wafanyakazi zinafuliwa ovyo. Mayai yanatoka mbali. Mtoto akitaka kuchapisha fomu ya chuo, anapanda bodaboda mwendo mrefu. Kila lalamiko ulilolisikia mara tatu katika wiki moja ni duka ambalo halijafunguliwa. Wenzako wakiendelea kulalamika, wewe fungua.

Dewji alitoka kwenye kuuza akaingia kwenye kutengeneza

Mohammed Dewji alizaliwa Singida mwaka 1975. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kununua na kuuza bidhaa. Kijana alisoma Marekani, akarudi katika biashara ya baba, na wakati serikali ikibinafsisha viwanda vilivyodorora, yeye alivinunua na kuviwasha. Kampuni iliyokuwa ikiishi kwa kuagiza na kusambaza ikaanza kutengeneza nguo, mafuta, sabuni, unga na vinywaji, na kulima mkonge. Kati ya hapo aliwawakilisha bungeni watu wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015.

Najua unachotaka kusema, mura. Utasema: huyo alirithi. Kweli, alirithi. Lakini nawe wahesabu warithi unaowajua hapa Tarime walioachiwa zizi lililojaa, na leo kilichobaki mkononi ni fimbo ya kuchungia. Urithi humpa mtu mahali pa kuanzia tu. Dewji aliukuta mtaji wa kuuza bidhaa za wengine akaugeuza kuwa mashine za kutengeneza bidhaa zake.

Nawe umerithi. Una ardhi yenye rutuba, una ng'ombe, na watu wako hawaogopi jua. Ng'ombe anayesubiri mahari peke yake ni mtaji uliolala. Ng'ombe huyohuyo akikamuliwa vizuri, maziwa yakachemshwa, yakagandishwa, yakafungwa kwenye chupa safi, atalipa ada ya shule na bado atabaki zizini kwa siku ya mahari. Hatukatai mila. Tunataka mila iwe na kipato.

Viti vitano vinatosha kuanza

Mwaka 1993 Precision Air ya Michael Shirima ilianza Arusha na ndege moja ndogo aina ya Piper Aztec, yenye viti vitano. Basi dogo la abiria linabeba watu wengi kuliko hao. Shirima hakusubiri hadi apate ndege kubwa ndipo aitwe mwenye shirika. Mwaka 2011 hisa za kampuni hiyo ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hasara kubwa nazo zilikuja baadaye, na ndege zikaendelea kuruka. Biashara haikuahidi mtu njia tambarare. Inamlipa yule aliyebaki barabarani.

Na kwako dada, mtazame Susan Mashibe. Alisomea Marekani urubani na ufundi wa kutengeneza ndege, kazi ambazo wengi waliziona si za mwanamke. Aliporudi aligundua kwamba ndege binafsi za wakubwa wa dunia zinapotua Tanzania zinahitaji vibali, mafuta, chakula, usafi na mtu wa kuzipokea. Mwaka 2003 akaanzisha TanJet, kampuni ya kutoa huduma hizo. Ndege zilikuwa za wengine, na huduma ikawa yake.

Hapo ndipo Kemambo inapaswa kufungua macho. Huhitaji kumiliki mgodi ili mgodi ukulipe. Watu wa mgodini wanakula kila siku, wanavaa sare, wanasafirishwa, wanalala, wanaugua. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Mlango huo uko kisheria. Tatizo ni kwamba tunaufikia mikono mitupu. Ofisa manunuzi hawezi kununua mayai kwa mtu asiye na jina la biashara kutoka BRELA, asiye na namba ya mlipakodi, asiye na leseni ya halmashauri, asiye na akaunti ya benki wala risiti. Anataka trei za mayai zilezile, za ukubwa uleule, Jumatatu hadi Jumatatu, iwe mvua iwe jua. Akikukosa wewe atampata mtu wa Mwanza, na wewe utabaki kusema wageni wanapendelewa. Tengeneza karatasi zako kwanza. Kisha tengeneza uaminifu wako, maana huo hautolewi na ofisi yoyote.

Wapo waliotoka Tarime

Kama unaona majina hayo ni ya mbali, njoo karibu. Christopher Gachuma ni mtu wa Tarime, na kwa miaka mingi jina lake limeambatana na kiwanda cha soda cha Nyanza Bottling pale Mwanza. Soda nyingi zilizonywewa harusini Kanda ya Ziwa zilipita kwenye mikono ya biashara ya mtu wa kwetu.

Nyambari Nyangwine naye ni wa Tarime. Hakuchimba jiwe. Aliandika na kuchapisha vitabu vya sekondari, na wanafunzi wa mikoa ambayo haijui hata Tarime iko wapi wakalijua jina lake kwa kulisoma kwenye jalada usiku kabla ya mtihani. Baadaye, kuanzia 2010 hadi 2015, alikuwa mbunge wa Tarime. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa kichwani: alijua kinachowasumbua wanafunzi kwenye mtihani, akakiandika kwa namna wanayoielewa. Kama mtu wa Tarime ameweza kuuza maarifa hadi Mtwara, wewe utashindwaje kuuza ulezi hadi Musoma?

Na jiwe la Laizer je?

Hapa ndipo vijana wa migodini hunikatiza. Mbona Saniniu Laizer alitajirika kwa jiwe? Juni 2020 mchimbaji mdogo huyo wa Mererani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa Sh7.74 bilioni. Agosti akaleta la tatu, kilo 6.3. Nchi nzima ilicheza ngoma.

Sawa, basi tulisome jiwe hilo lote, tusisome bei peke yake. Laizer alikuwa mchimbaji mwenye leseni. Alikuwa na wafanyakazi aliowalipa na kuwalisha miaka yote ambayo hakuna kamera iliyomfuata. Aliuza mchana, sokoni, mbele ya serikali, ndani ya ukuta wa kilomita 24 uliojengwa kuizuia tanzanite isitoroshwe. Alikuwa pia mfugaji, kwa hiyo jiwe lilipochelewa, ng'ombe walikuwepo. Na alipolipwa alizungumza kuhusu kujenga shule na maduka kwa ajili ya watu wake. Hakuruka uzio wa mtu usiku.

Ukitaka kuchimba, chimba hivyo. Leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Watanzania peke yao chini ya Sheria ya Madini ya 2010. Unganeni, ombeni eneo kwa afisa madini, pelekeni dhahabu kwenye masoko ya madini ambayo serikali ilianza kuyafungua mwaka 2019. Lakini kila gramu utakayouza, igawe: sehemu ya kula, sehemu ya kazi, na sehemu ya kununua kitu ambacho kitakulipa siku duara, yaani shimo lako la kuchimbia, likiwa tupu. Kijana anayepata milioni Ijumaa na kukopa vocha Jumanne, hata akikabidhiwa mgodi mzima, Jumanne yake itafika palepale.

Mtaji unaousingizia

Neno linaloua ndoto nyingi Kemambo ni mtaji. Tulipigie hesabu basi. Ukiweka pembeni Sh2,000 kila siku, kwa mwaka una Sh730,000. Mkiwa kikundi cha watu 20 mnaofanya hivyo kwa nidhamu, mna Sh14,600,000. Fedha hiyo haikutoka kwa mfadhili. Imetoka kwenye bia, kwenye kubeti, kwenye bodaboda ya safari ambayo ungeitembea. Kikundi chenye akiba na daftari ndicho kinachosikilizwa halmashauri zinapogawa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambapo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Kikundi kilichoundwa jana kwa ajili ya mkopo wa kesho kitakufa keshokutwa, na wadhamini watafutana.

Kisha andika. Mali bila daftari huisha bila habari. Wahenga walisema yote hapo. Andika ulichonunua, ulichouza, unachodaiwa, na ulichokula. Hicho cha mwisho ndicho tunachokificha. Maduka mengi ya Nyamongo huliwa na mwenyewe kabla hayajaliwa na washindani: leo soda moja ya dukani, kesho kilo ya sukari, keshokutwa mchango wa sherehe ya shemeji. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Jilipe mshahara, hata ukiwa mdogo, na usiguse zaidi ya huo.

Wewe mwanaume mwenye nyumba, nikuambie neno gumu. Mwanamke anayelima, anayekamua na anayeuza, aandikwe jina lake kwenye akaunti na kwenye hati. Biashara ambayo mfanyakazi wake mkuu hana sauti juu ya fedha haitavuka mwaka wa pili. Ukimwogopa mkeo mwenye fedha, umeuogopa utajiri wako mwenyewe.

Nanyi vijana wa koo zetu, mteja hana ukoo. Kuna wakati mapigano ya koo yaliifanya Tarime isikike redioni kwa habari za mishale na mazizi matupu. Mwenye duka la mbegu hawezi kukataa fedha ya mtu wa ukoo wa pili, wala mwenye mashine hawezi kumrudisha mwenye gunia. Uza kwa wote, nunua kwa wote, ajiri anayeweza kazi. Siku mtakapokuwa mnadaiana na kulipana, wa kuchochea ugomvi atakosa askari.

Soko limekuzunguka

Simama Kemambo ugeuke pande zote nne. Kaskazini kuna Sirari, mpaka wa Kenya, ambako magunia na fedha huvuka kila siku. Barabara ya Tarime kwenda Mugumu inapita Nyamongo. Ng'ambo ya Mto Mara iko wilaya ya Serengeti, na ndani ya hifadhi, upande wa Lamai na Kogatende, kuna kambi za watalii wanaokuja kuona nyumbu wakivuka mto huohuo tunaouchota maji. Watalii hao wanakula nyanya za nani? Asali ya nani? Mayai ya nani? Mgodi uko uani kwako, na nyuma yake yako maelfu ya watu waliokuja kutafuta riziki, kila mmoja na tumbo lake, miguu yake inayohitaji viatu na simu yake inayohitaji umeme.

Bakhresa hakuwa na soko zuri kuliko hilo siku anauza viazi. Mengi hakuwa na simu ya kumtafutia mteja kama uliyoishika sasa. Shirima alikuwa na viti vitano tu. Kitu pekee walichokuwa nacho ambacho unaweza kukikosa ni uamuzi wa kuanza kidogo na kukataa kuacha.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu kabla mwezi huu haujaisha. Uza bati moja la kibanda chako cha kutegesha, ununue daftari na bidhaa ya kwanza. Tafuta wenzako wanne wasiokunywa akiba, mkasajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na umchague mteja mmoja, mmoja tu, umhudumie vizuri kiasi kwamba kesho atakutafuta yeye.

Amka, mura. Amka, dada. Mthamini akija, akukute dukani ukihudumia watu, na asipokuja, usiwe umepoteza hata siku moja kwa ajili yake.